Je, wajua kwa nini 142,857 huzunguka bila kupoteza tarakimu?

Tuseme akina mama saba wanaouza mukene (dagaa) sokoni Busia, upande wa Uganda, wamefungua sanduku la akiba na kukuta shilingi 1,000,000. Kalkuleta ya simu itampa kila mmoja 142,857 na pointi nyingi. Hapa kwetu hakuna sarafu ya shilingi saba, kwa hiyo kila mama atachukua 142,850, na mezani itabaki sarafu moja ya hamsini. Ikumbukeni sarafu hiyo.

Sasa zidisha 142,857 kwa 2, upate 285,714. Kwa 3 ni 428,571. Kwa 4, 571,428. Kwa 5, 714,285. Kwa 6, 857,142. Tarakimu ni zilezile na zimefuatana vilevile, kama watoto walioshikana mikono kwenye duara: kinachobadilika ni nani anaanza kuhesabiwa. Mimi kila nikiifanya hesabu hii kwa kalamu nafurahi upya.

Siri iko kwenye baki. Gawa 1 kwa 7 kwa mkono, kila mara ukishusha sifuri. 10 kwa 7 ni 1, baki 3. 30 ni 4, baki 2. 20 ni 2, baki 6. 60 ni 8, baki 4. 40 ni 5, baki 5. Sarafu yetu ya hamsini ndiyo baki hiyo ya 5, ikiwa katika nafasi ya makumi! Endelea: 50 ni 7, baki 1. Tumerudi pale tulipoanzia, na mzunguko unajirudia milele.

Ukigawa kwa 7, baki haiwezi kuzidi 6, na hapa zote sita zimepitiwa. Basi 3 kwa 7 huingia kwenye njia ileile, ila kuanzia kwenye baki ya 3, ndiyo maana jibu linaanza na 428571. Ukizidisha kwa 7 duara linakatika: unapata 999,999, yaani milioni kasoro shilingi moja.

Si kila namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe kama 7, ina tabia hii. 13 haina, maana baki zake zimegawanyika katika duara mbili. 17 inayo, lakini namba yake, 0588235294117647, inaanza na sifuri. Mwaka 1927 mwanahisabati Emil Artin alikisia kwamba namba tasa za aina hii hazina mwisho, na mpaka leo hakuna aliyelithibitisha.