Namba ya NIDA haina kabila lako ndani yake

Vijiweni Mbeya na Iringa, wapo wanaokataa kujiandikisha wakidai tarakimu 20 za namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, zinabeba kabila na dini kwa siri. Si kweli. Isome mwenyewe: 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, 5 zinazofuata ni postikodi, yaani namba ya posta ya eneo, ya Mbeya huanza na 53, zilizobaki nyingi ni za kukutofautisha na wengine. Hakuna ya kabila wala dini.

Kinachosumbua kweli, na kinachostahili kelele, ni alama za vidole. Mchuma chai wa Rungwe akikataliwa na mashine anaposajili laini ya simu, hajafutwa NIDA: kazi imesaga ngozi, michirizi ya kidole haisomeki. Anawe kwa sabuni atoe utomvu na udongo, akauke vizuri, kioo cha mashine kifutwe, kisha ajaribu kidole kingine.