Je wajua? Hela ya ndege za bei chee inapatikana chini, sio angani

Hivi umeshawahi kujiuliza inakuaje tiketi ya ndege ndani ya Ulaya inauzwa bei ndogo kuliko teksi ya kukupeleka airport, halafu kampuni bado inapata faida? Mafuta wanajazaje?

Muulize konda yeyote wa daladala atakujibu vizuri tu. Gari ikilala stendi haiingizi kitu, hesabu ya bosi inatoka kwenye kuongeza tripu. Na ndege ni hivyo hivyo, ikiwa imepaki mkopo wake unasoma, mishahara inasoma, na abiria hayupo.

Waliolishika hili mapema ni Southwest, kampuni ya ndege ya Texas kule Marekani. Walianza kuruka 1971 kati ya Dallas, Houston na San Antonio, mwaka uliofuata mambo yakawa magumu mpaka wakauza ndege moja kati ya nne walizokua nazo, sasa kampuni nyingine hapo ingepunguza safari, wao wakasema ratiba ya ndege nne inabaki hivyo hivyo na tutaifanya na tatu. Kivipi? Ndege ikitua, ndani ya dakika 10 iwe imeshusha, imesafishwa, imepakia na inaondoka. Wahudumu walikua wanaokota takataka wenyewe, siti zilikua hazina namba, ukiwahi unakaa. Kuanzia 1973 mpaka 2019 hao watu walipata faida kila mwaka, na biashara ya ndege ilivyo ngumu hiyo sio mchezo.

Pia karibu ndege zao zote zilikua Boeing 737, rubani yeyote anaruka na ndege yoyote, fundi anajua spea zilezile.

Baadae Michael O'Leary wa Ryanair, kampuni ya ndege ya Ireland, akaenda Texas kuangalia, akarudi akaiga halafu akazidisha chumvi. Siti zao hazilali nyuma na hazina mfuko wa kuwekea magazeti, maana mfuko ukiwepo lazima mtu apite kutoa maganda na tishu za watu, dakika zinaenda. Wanageuza ndege kwa kama dakika 25 hivi.

Na begi je? Hapa wengi tunadhani ni uroho tu. Mimi niliwahi kuvaa mashati matatu na jaketi mbili mbele ya kaunta ili begi lipungue, jasho linanitoka, dada wa watu ananiangalia tu (sitaji kampuni). Hela ipo kweli, mwaka ulioishia Machi 2024 Ryanair iliingiza euro bilioni 13.4 hivi na bilioni 4.3 zilitoka kwenye mabegi, kuchagua siti na vikorokoro vingine. Ila begi likiwa la kulipia watu wanabeba machache, na mabegi machache tumboni mwa ndege maana yake kushusha na kupakia kunaisha haraka. Tunarudi palepale kwenye dakika.

Halafu viwanja. Walikua wanakuuzia "Frankfurt" kumbe unashushwa Hahn, iliyokua kambi ya jeshi la anga la Marekani, kilomita kama 120 kutoka mjini. Ada ndogo, hakuna foleni ya kuruka.

Kwetu hapo ndipo pagumu. Fastjet ilipoanza Tanzania mwaka 2012 na Airbus A319 watu wa Mwanza walifurahi sana, ila Dar uwanja ni mmoja, hakuna Hahn ya kukimbilia uchochoroni, na siti zaidi ya 150 uzijaze mara ngapi kwa siku? Mwisho wa 2018 wakaacha kuruka. Jambojet ya Kenya, mtoto wa Kenya Airways, ilianza 2014 na Boeing 737, baadae ikahamia kwenye Dash 8-400, zile za pangaboi, siti chini ya 80, mafuta zinanusa tu kwenye safari fupi kama Nairobi–Mombasa. Na hiyo bado inaruka.