Injini ya ndege inapogoma kuzimika

Injini ya pistoni ya ndege haizimwi kwa ufunguo kama ya gari. Rubani huvuta leva ya mchanganyiko, ile inayopanga kiasi cha mafuta kwa hewa, hadi mwisho, mafuta yanakatika, silinda zinamalizia kilichobaki na propela inasimama. Ufunguo unafuata baadaye. Ukianza na ufunguo unaacha mafuta ndani ya silinda, na siku mtu akiizungusha propela kwa mkono, cheche moja inatosha kumuua.

Ndiyo maana sekunde zile za mwisho nazichukulia kama kipimo cha bure. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, tuseme RPM 700 (mizunguko 700 kwa dakika), vuta leva polepole huku ukitazama mshale wa kipimo cha RPM. Kwa injini nyingi za kampuni ya Lycoming mshale unapaswa kupanda kidogo, kati ya 25 na 50, kisha uanguke moja kwa moja hadi sifuri. Kule kupanda ni mchanganyiko kupita kwenye kipimo chake bora ukiwa njiani kuelekea kukatika. Mshale ukipanda zaidi ya hapo, injini inakula mafuta mengi kuliko hewa, na plagi zitakuja kuwa nyeusi. Mshale usipopanda kabisa, mafuta ni machache mno, na huenda rubani amekwisha kulalamika kwamba injini inasita anapoongeza nguvu.

Hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, jambo hili lina mtego wake. Tuko takriban futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Ndege iliyorekebishwa vizuri kabisa Mombasa ikifika kwetu itapandisha mshale kupita kiasi, na fundi mwenye haraka atakimbilia bisibisi. Uliza kwanza ndege inalala wapi.

Sasa ile inayogoma. Leva imevutwa yote, injini bado inakohoa na kuzunguka. Watu hupenda kuanza kufungua kabureta. Mimi naanza na kebo inayounganisha leva na kabureta, kwa sababu mara nyingi kosa liko hapo na halihitaji spea ya bei ghali. Mtu mmoja anakaa ndani na kuvuta leva, mwingine anatazama kwa tochi mkono wa kabureta unaovutwa na kebo hiyo. Mkono ule lazima ugonge kizuizi chake kabla kishikio cha leva hakijagonga dashibodi, ibaki nafasi ya kama milimita 3. Kishikio kikigusa dashibodi kwanza, rubani anaamini amekata mafuta yote kumbe bado kuna mwanya.

Kebo ikiwa sawa, tafuta rangi ya buluu. Petroli ya ndege ya 100LL hutiwa rangi hiyo, na inapovuja hukauka na kuacha doa. Angalia pia pampu ya mkono ya kuwashia: isipofungwa sawasawa, injini huendelea kufyonza mafuta kupitia hapo. Kwenye injini za injeksheni, zinazonyunyiziwa mafuta bila kabureta, uchafu kidogo chini ya vali ya kigawanya mafuta unatosha kuifanya isifunge vizuri.

Kuna kukohoa ambako si ugonjwa. Ndege ya injeksheni ikitua adhuhuri injini ikiwa moto, mafuta huchemka ndani ya vile vibomba vyembamba juu ya silinda na kutoka vipande vipande hata baada ya kukatwa. Mshale unacheza sekunde chache, kisha kimya. Elekeza pua kwenye upepo, uache injini ipoe kidogo kabla ya kuvuta leva. Usinifungulie injini kwa hilo.

Kinachonitisha ni kinyume chake: injini inazimika vizuri kwa leva, lakini ufunguo ukiwekwa OFF kwa nukta moja kwenye mzunguko wa chini, inaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Magneto, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche za plagi, huzimwa kwa kuunganishwa kwa waya na bodi ya ndege. Waya ule ukikatika au swichi ikichakaa, inabaki hai hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Swichi za ufunguo za kampuni ya Bendix zilisumbua kiasi kwamba FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa agizo la kuzikagua mwaka 1976. Ndege ya namna hiyo naiwekea alama kwenye propela na haiguswi na mtu, hata wa kuifuta vumbi.

Na wewe rubani, usiniandikie “inazima vibaya”. Andika ilikuwa ya moto au ya baridi, mshale ulipanda kiasi gani, na ulizima kwa leva au kwa ufunguo.