Kulipia Biti si Kuimiliki

Wasanii wengi wameamini kwa miaka mingi kwamba ukishamlipa prodyuza kwa biti (muziki wa kuimbia) aliyokuwa ameshaitengeneza na kutumiwa faili, biti ni yako. Sivyo. Nchini Kenya, kifungu cha 33 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinataka uhamisho wa hakimiliki, na hata leseni ya kipekee (ruhusa ya mtu mmoja tu kuitumia kazi), uwe kwa maandishi yaliyotiwa saini na mwenye haki au kwa niaba yake. Kwa hiyo muamala wa M-Pesa na ujumbe wa "tumemalizana, ndugu" huthibitisha malipo tu, bila kuhamisha umiliki. Ulichopata, kwa kawaida, ni ruhusa ya kuitumia, na prodyuza anaweza kumpa mwingine biti ileile. Anayeitaka peke yake waandikishane mapema, kabla wimbo haujavuma na bei kupanda.