Kwa nini mbwa huinamisha kifua kabla ya kumrukia mwenzake?

Mbwa wawili wanakutana uani. Mmoja anashusha kifua mpaka viwiko vinagusa ardhi, makalio yamebaki juu, mkia unapepea. Kufumba na kufumbua amemrukia mwenzake na kumng'ata shingo, na mwenzake wala hakasiriki.

Mchezo wa mbwa umejaa vitendo vilevile vya kuwinda na kupigana: kukimbiza, kuangusha, kung'ata. Kuinama huko ndiko kunakomjulisha mwenzake kwamba ni utani. Mtafiti Mmarekani Marc Bekoff alionyesha mwaka 1995 kwamba mbwa huinama hasa kabla au mara tu baada ya kung'ata huku wakitikisa kichwa, kitendo kinachofanana mno na shambulio.

Mkia peke yake usikudanganye. Mkia wa furaha huyumba kwa upana hadi nyonga zinafuata. Uliosimama wima ukitetemeka harakaharaka, huku mwili umekakamaa, mdomo umefumbwa na macho yamekodolewa, ni onyo.

Mchezo ukiwa mzuri, midomo iko wazi na imelegea, wanapokezana kukimbizana, na mkubwa hujilaza chini kwa hiari ili mdogo naye apate nafasi. Ukiona mmoja amefyata mkia, analamba midomo hovyo, anapiga miayo bila usingizi au anajificha nyuma ya miguu yako, amechoka kuonewa. Kama huna hakika, mshike yule anayekimbiza kwa sekunde chache. Mwenzake akimrudia mwenyewe, mwachie waendelee. Akienda zake, watenganishe. Ila wakishaanza kupigana kweli, usiingize mkono katikati.

Mchezo huu ni shule. Mtoto wa mbwa aking'ata kwa nguvu, nduguye hulia na kuacha kucheza, naye hujifunza kulegeza meno. Ndiyo maana asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8. Anayeuzwa akiwa na wiki 4 au 5 hukosa sehemu kubwa ya somo hilo. Huyo mfundishe wewe: akikung'ata, usiuchomoe mkono kwa ghafla, maana ataukimbiza. Tuliza mkono, akiachia ondoka kwa nusu dakika, kisha rudi na kipande cha kamba chenye mafundo avute hicho. Dakika 5 hadi 10 kwa mara moja zinamtosha.

Na akikungurumia, tafadhali usimpige. Anayepigwa kwa kunguruma huzoea kunyamaza, na siku akizidiwa huuma bila kutoa onyo.