Cron inajua saa tu: dhana potofu kuhusu kazi zinazojirudia

Vikumbusho vya barua pepe, kufuta faili zilizopitwa na wakati, kunakili hifadhidata usiku: kazi hizi za nyuma ya pazia wengi wetu tunaikabidhi cron, programu ya kuanzisha kazi kwa ratiba ya saa iliyotoka na mfumo endeshi wa Unix wa miaka ya 1970, kisha tunailaumu kwa mambo ambayo haikuahidi.

Dhana: */45 kwenye sehemu ya dakika ya ratiba ya cron ni kila baada ya dakika 45.
Sivyo. Cron haihesabu muda tangu mara ya mwisho, inatazama uso wa saa. Itaanzisha kazi dakika ya 0, kisha ya 45, halafu saa mpya ikiingia inarudi 0. Nafasi zinakuwa dakika 45, 15, 45, 15. Hata */7 inateleza: baada ya dakika ya 56 zinabaki 4 tu. Tumia namba inayogawanya 60 bila baki.

Dhana: Kazi ya kwanza isipokwisha, ya pili itasubiri.
Hii ndiyo inayouma zaidi. Cron ikishaanzisha kazi, imenawa mikono. Tuseme kazi ya kila dakika 5 inachagua wateja wasiotumiwa kikumbusho, inawatumia wote, halafu mwishoni kabisa ndipo inaweka alama "ametumiwa". Siku wateja wakiongezeka, ikachukua dakika 8, nakala ya pili inaingia dakika ya 5, inawakuta walewale bila alama, na inawatumia tena. Amri ya flock huweka kufuli linalozuia nakala mbili zisiendeshwe pamoja, ila kwenye seva moja. Ukiongeza seva ya pili yenye ratiba ileile, kufuli lihamie mahali zinapokutana, mfano kwenye hifadhidata. Na kufuli au hakuna kufuli, mimi ningeweka alama mteja mmoja mmoja. Hata kazi ikikatika katikati, marudio yatamgusa mmoja, si mia.

Dhana: Seva ikizimika, kazi iliyopita italipwa.
Cron ya kawaida hailipi deni. Kama seva ililala saa 8 usiku (kwenye cron utaandika 2), ya leo imekwenda. Anacron, ndugu yake cron, hufidia, na vipima muda vya systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) pia, ukiweka Persistent=true.

Dhana: WP-Cron ya WordPress, programu ya kujengea tovuti, ni cron.
Ni jina tu. Huamshwa na mgeni anayefungua ukurasa. Asipokuja mtu, kazi inangoja. Izime kwa mpangilio wa DISABLE_WP_CRON, kisha cron ya seva iite faili lake, wp-cron.php.

Dhana: Nikiiendesha kwa mkono inakubali, basi na cron itakubali.
Cron haisomi .bashrc yako (faili la mipangilio ya terminali), na PATH yake, yaani orodha ya mahali inapotafuta programu, ni fupi. Andika njia kamili za programu.

Dhana: Hakuna ujumbe wa kosa, basi mambo ni shwari.
Kazi ambayo haikuanza haina pa kulalamikia. Ifanye iandike muda kila inapofaulu, na seva nyingine ipige kelele muda huo ukichakaa.