Plasma au LCD: kinachoamua ni chumba na mita ya umeme

TV mpya za plasma hazitengenezwi tena. Panasonic ilisimamisha uzalishaji wa paneli zake mwishoni mwa 2013, na kufikia mwisho wa 2014 Samsung na LG nao walikuwa wameiacha teknolojia hiyo. Kwa hiyo anayechagua leo kati ya plasma na LCD anachagua kati ya TV iliyokwishatumika miaka kumi na zaidi, na nyingine inayoweza kuwa mpya au iliyotumika. Hata hivyo swali halijafa. Plasma nyingi za wakati ule zingali zinawaka, hupatikana kwa bei ya chini mno au hata bure, na filamu ikitazamwa usiku kwenye plasma nzuri, picha yake bado inazipita LCD nyingi za bei nafuu zinazotoka kiwandani leo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja wa dukani. TV iliyoandikwa LED ni LCD. Neno hilo linataja aina ya taa tu: LCD za zamani ziliwashwa na mirija myembamba ya floresenti, za sasa zinawashwa na vitaa vya LED. QLED nayo ni LCD. OLED ndiyo jamii nyingine kabisa, na kitabia iko karibu na plasma kuliko LCD, pamoja na ugonjwa wake wa kubaki na alama.

Ndani ya plasma kuna vyumba vidogo mno vya gesi ya neoni na zenoni, vitatu kwa kila nukta ya picha. Umeme ukipita, gesi hutoa miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo ikigonga unga wa fosfa uliopakwa ndani ya chumba, unga hutoa mwanga mwekundu, kijani au bluu. Kila nukta hujitolea mwanga wake, na ikitakiwa kuwa nyeusi huzimwa karibu kabisa. LCD haina uwezo huo. Taa huwaka nyuma ya kioo muda wote, na fuwele za kimiminika zilizo kati ya vichujio viwili vya mwanga hujipinda kuupitisha au kuuzuia. Daima kuna mwanga unaovuja. Karibu tofauti zote zinazofuata zinaanzia hapo.

Chumba chenye dirisha kubwa

Uso wa plasma ni kioo halisi. Mchana, dirisha likiwa mbele yake, utaona pazia lako na watu waliokaa kwenye kochi kabla ya kuona picha. Isitoshe, plasma hujipunguza mwangaza yenyewe kila picha nyeupe inapojaa kioo kizima, kwa sababu bodi ya umeme haiwezi kulisha vyumba vyote kwa nguvu ileile. Fungua ukurasa mweupe wa intaneti kwenye plasma na weupe utaonekana kama kijivu. LCD haina shida hiyo: hung'aa sebuleni saa sita mchana, na zenye uso usioakisi sana hung'aa vizuri zaidi.

Usiku taa zikizimwa, mambo hugeuka. Weusi wa plasma hutulia, ilhali LCD dhaifu huonyesha kijivu cha samawati, hasa kwenye kona. Hapa mnunuzi wa LCD anapaswa kujua jambo ambalo wauzaji hawalisemi mara nyingi: paneli za LCD ni za aina mbili kuu, IPS na VA. IPS huwa na utofauti wa mweupe na mweusi wa takriban 1000 kwa 1. VA hufika 3000 kwa 1 na kuendelea. Lakini ukiitazama VA ukiwa umekaa pembeni, rangi hupauka haraka, wakati IPS huvumilia. Familia iliyozoea kutawanyika chumba kizima itafurahia IPS zaidi. Watu wawili wanaokaa mbele ya kioo na kupenda filamu wachukue VA. Kipimo cha dukani ni rahisi: weka picha yenye uso wa mtu, simama mbele, kisha sogea taratibu hadi pembeni huku ukiangalia rangi ya ngozi. Ikipauka ukiwa hujafika mbali, karibu hakika ni VA. Kwa maoni yetu uchaguzi huu una uzito kuliko nembo ya kampuni, na una uzito kuliko herufi Q au neno lolote lililobandikwa kwenye boksi. Plasma huonekana sawa karibu kutoka kila pembe.

Kwenye mwendo, plasma ilikuwa na sifa iliyostahili. LCD huishikilia kila picha hadi ijayo ifike, na jicho linalofuata mpira unaosafiri huona ukungu nyuma yake. Plasma humulika kwa vipande vifupi, hivyo ukingo wa mpira hubaki mkali. Lakini ukikuta plasma imeandikwa 600 Hz (Hz ni mara kwa sekunde), usiilinganishe na 120 Hz ya LCD, ambayo huhesabu picha nzima. Namba ile ya plasma ni mimuliko 10 ya ndani kwa kila picha, mara picha 60 kwa sekunde. Ni hesabu za vitu viwili tofauti.

Jambo jingine ni idadi ya nukta. Plasma nyingi za inchi 42 zina 1024 kwa 768, na kwa kuwa kioo ni kipana, nukta zenyewe si za mraba. Kwa filamu haisumbui. Kwa maandishi ya kompyuta inaudhi. Plasma ya 4K (nukta 3840 kwa 2160) kwa matumizi ya nyumbani haikuwahi kufika madukani.

Umeme

Plasma ya inchi 50 ya kizazi cha kabla ya 2010 hula takriban wati 250 hadi 400, ikipanda na kushuka kufuatana na picha. LCD ya LED ya ukubwa huohuo hula takriban wati 70 hadi 120. Tuchukue 300 dhidi ya 100, saa 5 kwa siku. Plasma itakula yuniti 1.5 kwa siku, LCD 0.5. Kwa siku 30 ni yuniti 45 dhidi ya 15. Zidisha hizo 30 za tofauti kwa bei ya yuniti unayolipa, kisha mara 12, na utaona kama plasma ya bei rahisi ni rahisi kweli. Kwa mtazamaji wa saa nyingi, tofauti hiyo huweza kulipia LCD iliyotumika kabla ya plasma kufa.

Anayetumia sola asisumbuke na mjadala huu. Betri ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1200, na kwa betri ya asidi na risasi ni vyema kutumia nusu tu. Hizo 600 zitaiendesha plasma yetu saa 2 pungufu kidogo, kwa sababu inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha TV, nayo hula. LCD ya wati 100 itaenda zaidi ya saa 5, na ya inchi 32 inayokula wati 40 itavuka nusu siku.

Joto pia ni umeme. Wati 300 ndani ya chumba kidogo ni pasha-joto isiyozimwa. Plasma ipewe nafasi ya angalau sentimita 10 nyuma na juu, na isifungiwe ndani ya kabati.

Alama zisizofutika

Unga wa fosfa huchakaa kadiri unavyowaka. Nembo ya kituo ikikaa kona ileile kila siku, au mstari wa habari chini ya kioo, sehemu hizo huchakaa kuliko jirani zake na kivuli hubaki. Hatari isiyojulikana sana ni picha ya zamani ya umbo la karibu mraba yenye mapande meusi pembeni: katikati huchakaa, pembeni hubaki pakiwa papya, na baadaye filamu pana itaonyesha mistari miwili ya wima. Kama kivuli ni cha saa chache tu, weka vipindi vinavyojaza kioo kizima kwa muda mrefu na kitafifia. Kilichochomwa kwa miaka hakitoki, hata muuzaji aape vipi.

LCD ikishikilia kivuli, mara nyingi hupona ikizimwa usiku kucha.

Kukagua iliyotumika

Nenda na flashi ya USB yenye picha sita za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, kijivu, nyekundu, kijani na bluu. Unaweza kuzitengeneza kwenye simu. Kama TV haisomi USB, chukua kifaa chochote chenye HDMI. Omba TV iwashwe ikiwa imepoa, usikubali kuikuta tayari imewaka, kwa sababu hitilafu za kapasita (vihifadhi umeme vya kwenye bodi) huonekana zaidi wakati wa kuwasha. Iache iwake nusu saa, maana hitilafu nyingine huanza bodi zikipata joto.

Kwa plasma, kijivu ndicho kinachosema ukweli: vivuli vya nembo hujitokeza hapo kuliko kwenye nyeupe. Kwenye nyeusi tafuta nukta nyekundu zinazometameta, dalili ya paneli iliyozeeka au volteji isiyo sawa. Ikiwashwa ikalia tik, ikazima na kujaribu tena, kinga ya ndani imegundua shoti, mara nyingi kwenye bodi zinazolisha vyumba vya gesi. Ukanda mweusi wa mlalo huweza kuwa bodi inayobadilishika. Ukanda au mstari wa wima mara nyingi ni kiunganisho kilichogundishwa kwenye kioo chenyewe, na hapo hakuna matengenezo ya maana. Sikiliza pia: mlio mwembamba wa nyuki ni wa kawaida ukiwa karibu, lakini ukiusikia ukiwa umekaa kwenye kochi utakuchosha. Mlio huo huongezeka mahali palipo juu ya takriban mita 2000 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa nyepesi ya nje hubadilisha mkandamizo kwenye vioo vya paneli.

Kwa LCD, anza na nyeupe. Mabaka ya giza yanamaanisha baadhi ya taa zimekufa. Weupe wenye urangi wa zambarau au bluu unaonyesha LED zimechoka. Nukta kali za mviringo zinazong'aa kuliko sehemu nyingine ni LED ambazo vilenzi vyake vya plastiki vimebanduka na kudondoka. Kasoro hii hutengenezeka. Mistari ya wima inayobadilika ukigusa ukingo wa fremu ni kiunganisho cha paneli, iache. Kioo kilichopasuka usikihesabu kabisa, kwa sababu paneli peke yake hugharimu karibu sawa na TV.

Sauti ipo, picha hakuna? Zima taa za chumba, sogeza tochi karibu na kioo kwa mshazari. Ukiona picha hafifu inayocheza, taa za nyuma ndizo zilizokufa. LED hizo zimeungwa kwa mfululizo, ndiyo maana moja ikikatika mstari mzima huzima. Fundi akikwambia abadilishe moja tu, mkatalie kwa upole. Nyingine zote zimewaka saa zilezile na zitafuata baada ya muda mfupi. Abadilishe seti nzima, na akishamaliza mwambie apunguze nguvu ya taa kwenye menyu.

Usifungue plasma mwenyewe. Kapasita za bodi ya umeme hubaki na volti mia kadhaa hata plagi ikiwa imechomolewa. LCD za zamani za mirija nazo zina zebaki, zisipasuliwe ovyo.

Usafirishaji na siku ya kwanza

Plasma ya inchi 50 huwa na uzito wa kilo 25 hadi 35, LCD ya sasa ya ukubwa huo huwa chini ya kilo 15. Plasma isafirishwe ikiwa imesimama, kwa watu wawili. Ikilazwa, vioo vyake vizito hupinda barabara ikiwa mbovu, na ufa mdogo ukiachia gesi, paneli imekwisha. Ukitaka kuitundika ukutani, soma kwenye bano (kishikio cha ukutani) uzito unaobebeka, kisha pima umbali kati ya matundu nyuma ya TV. Vipimo vya 200 kwa 200 na 400 kwa 400, vyote milimita, ndivyo vinavyokutwa sana.

TV ya zamani isiyopokea matangazo ya dijitali haikosi dawa: king'amuzi chenye HDMI kinatosha, na tyuna (kipokezi cha matangazo) ya ndani unaisahau.

Ukiwasha LCD mpya, nenda kwenye hali ya picha. Viwanda huziweka kwenye ile kali ya kuvutia wapita njia dukani, yenye rangi ya samawati na taa za nyuma zikiwa 100. Chagua Movie au Cinema, kisha shusha taa za nyuma hadi 50 au 60 na uongeze mchana tu ukilazimika. Zingatia kwamba Backlight na Brightness kwa TV nyingi ni vitu viwili: ya kwanza ni nguvu ya taa, ya pili ni kiwango cha weusi, na ukiipandisha ya pili utaharibu usiku wa filamu bila kuongeza mwanga wowote wa maana. Kampuni chache zimeyapanga majina hayo kinyume, kwa hiyo jaribu kwenye zile picha zako nyeusi na nyeupe. Kinachobadilisha nyeusi peke yake ni kiwango cha weusi. Kinachobadilisha nyeupe pia ni taa.